Kiungo Kipya na Mwili Unaokipokea



Yapo maradhi ambayo yakiingia nyumbani hayamuuguzi mtu mmoja peke yake, bali huiuguza jamaa nzima. Maradhi ya figo ni mojawapo. Tabibu akishasema kwamba figo zote mbili zimeshindwa na kwamba dawa iliyo bora ni kupandikizwa figo nyingine, maswali huanza siku hiyo hiyo, barazani na jikoni. Nani katika ndugu atakubali kutoa figo yake? Fedha zitapatikana wapi? Tumpeleke hospitali gani, ya hapa kwetu au ya India? Maswali haya matatu ni ya haki, na hapana awezaye kuwalaumu watu kwa kuyauliza. Lakini liko swali la nne ambalo huulizwa na wachache, na mara nyingi huulizwa wakati umekwisha kupita: Je, mwili utakaokipokea kiungo hicho una nguvu gani?

Mwezi huu twataka kulizungumza swali hilo la nne. Twalizungumza kwa kuwa jawabu lake kwa sehemu kubwa halimo mikononi mwa daktari mpasuaji, limo mikononi mwetu sisi wa nyumbani, katika ile miezi mirefu ya kungoja.

Kupandikiza kiungo si jambo la zamani sana katika elimu ya utabibu. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray na wenziwe walitoa figo moja ya Ronald Herrick wakampandikiza pacha wake, Richard. Kwa kuwa walikuwa pacha wa kufanana, mwili wa Richard haukuikataa figo ile, naye akaishi nayo miaka 8. Kisha tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Daktari Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Dunia nzima ilistaajabu. Moyo ule ulipiga vizuri, lakini mwenyewe alifariki baada ya siku 18 kwa homa ya mapafu, kwa sababu dawa alizopewa ili mwili usiukatae moyo ule zilimpokonya kinga yake.

Tokea siku hizo elimu imekwenda mbele sana. Dawa za kuuzuia mwili usikatae kiungo zimekuwa bora, khasa baada ya dawa iitwayo saiklosporini kuruhusiwa huko Marekani mwaka 1983. Na kazi hii haiko mbali nasi tena. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2017, kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018, kwa msaada wa Wajapani. Kenya walikwisha tangulia kwa miaka mingi, na Uganda walifanya yao ya kwanza katika hospitali ya Mulago mwezi wa Desemba 2023. Hivyo nyumba nyingi zaidi zitakutana na jambo hili, na nyumba zilizokwisha kutana nalo zinajua ya kuwa halina wepesi.

Mkono wa mpasuaji ulipokuwa mwepesi na dawa zikawa nzuri, madaktari waliona ajabu moja. Watu wawili wa umri mmoja, wenye maradhi mamoja, waliopasuliwa na daktari mmoja, waweza kutofautiana kabisa. Mmoja akatoka hospitali baada ya siku chache na mwezi wa tatu akarudi dukani kwake. Wa pili akabaki kitandani, akatoka, akarudishwa, na mwisho wake usiwe mzuri. Vipimo vya damu vya wote wawili vilikuwa karibu sawa. Basi tofauti imetoka wapi?

Jawabu moja lilipatikana kwa wale wanaoshughulika na afya ya wazee. Mwaka 2001 Daktari Linda Fried na wenziwe huko Marekani, baada ya kuwachungua watu zaidi ya 5,000 wa umri wa miaka 65 na kuendelea, walieleza hali waliyoiita udhaifu wa mwili, wakaiwekea alama tano. Ya kwanza ni kupungua uzito bila ya kukusudia, kiasi cha kilo 4 na nusu au zaidi katika mwaka mmoja. Ya pili ni kuchoka, hata mtu akaona kila jambo analolifanya ni mzigo. Ya tatu ni kulegea kwa mkono, nayo hupimwa kwa chombo kidogo ambacho mtu hukibana kwa kiganja. Ya nne ni kwenda taratibu: mtu huambiwa atembee futi 15 kwa mwendo wake wa kawaida, na akichukua sekunde 6 au 7 au zaidi, kwa kadiri ya kimo chake na kama ni mume au mke, huhesabiwa kuwa mzito wa mwendo. Ya tano ni kupungua kwa shughuli za mwili. Aliye na alama tatu au zaidi ni dhaifu. Aliye na moja au mbili yuko njiani.

Tazama, msomaji, jinsi alama hizi zilivyo nyepesi kuzifahamu. Hakuna hata moja inayotaka mashine kubwa. Ni mambo ambayo bibi zetu walikuwa wakiyatambua kwa macho waliposema, "Fulani amekwisha mwili."

Lakini macho nayo hudanganya. Uchunguzi uliofanywa huko Marekani kwa watu wanaosafishwa damu kwa mashine umeonyesha kwamba makadirio ya madaktari, na hata ya wagonjwa wenyewe, mara nyingi hayakulingana na kipimo. Mtu mnene aweza kuwa dhaifu kwa kuwa chini ya unene wake misuli imekwisha. Kijana aweza kuwa dhaifu ilhali mzee wa miaka 70 aendaye sokoni kila siku kwa miguu akawa hodari. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa udhaifu ni jina jingine la uzee. Uzee ni hesabu ya miaka; udhaifu ni kupungukiwa na akiba ya nguvu ambayo mwili huitumia siku ya msukosuko.

Na kupasuliwa ni msukosuko mkubwa. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, wakiwamo Dorry Segev na Mara McAdams-DeMarco, waliwapima kwa alama hizo tano watu waliokuja kupandikizwa figo. Wakakuta kwamba karibu mmoja katika kila watano alikuwa dhaifu, ijapokuwa wengi wao hawakuwa wazee. Mwaka 2012 walieleza kwamba figo mpya ya mtu dhaifu ilikuwa na khatari karibu mara mbili ya kuchelewa kuanza kazi, hata ikambidi mgonjwa arudi kwenye mashine kwa muda. Mwaka 2013 wakaeleza kwamba khatari ya aliye dhaifu kurudishwa hospitali mapema baada ya kuruhusiwa ilizidi ya mwenziwe kwa asilimia 61. Na mwaka 2015 wakaonyesha jambo zito kuliko yote: khatari ya kufa kwa waliopandikizwa wakiwa dhaifu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya wenzao, hata baada ya kuutia umri na maradhi mengine katika hesabu.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaongojea ini. Huko San Francisco, Daktari Jennifer Lai na wenziwe walionyesha mwaka 2014 kwamba mgonjwa dhaifu alikuwa na khatari kubwa zaidi ya kufa akiwa bado kwenye foleni, na kwamba vipimo vya damu vinavyotumika kupanga foleni hiyo havikuuona udhaifu wake. Mwaka 2017 wakatoa kipimo chao chenye mambo matatu tu: nguvu za kiganja, kuinuka kitini mara tano bila kujishika, na kusimama imara bila ya kuyumba.

Kwa nini maradhi ya kiungo kimoja yaumalize mwili mzima? Figo zikishindwa kazi, uchafu wa damu hubaki mwilini, na damu huwa na ukali wa asidi unaoila misuli. Figo pia ndizo zinazotoa homoni ya kuuchochea mwili utengeneze damu. Zikikoma, damu hupungua, na mtu aliyepungukiwa na damu huchoka kwa hatua chache. Hamu ya chakula hupotea. Kisha iko mashine yenyewe: mara tatu kwa wiki, kiasi cha saa nne kila mara, mtu amekaa au amelala, na akirudi nyumbani hana nguvu ya kufanya lolote. Ini nalo likiharibika, mwili hushindwa kuweka akiba ya chakula, ukaanza kuiyeyusha misuli yake wenyewe ili upate cha kutumia usiku.

Hayo ndiyo yanayotoka kwa maradhi. Lakini yako mengine tunayoyaongeza sisi wenyewe, tena kwa mapenzi.

Ni desturi yetu njema kumheshimu mgonjwa. Baba akiugua, kila mmoja hushindana kumtumikia. Akitaka kuinuka, mwanawe humwambia, "Baba, kaa tu, nitakuletea." Akitaka kufika mlangoni, mkewe humwambia, "Bwana, pumzika, jua kali." Mama aliyekuwa akisonga ugali na kufagia uwanja wake hupokonywa ufagio na mwiko, na mkaza mwana huhisi ya kuwa ni aibu mkwewe kuonekana amesimama. Basi huwekwa kitandani, akaletewa maji, akaletewa chakula, akanawishwa, hata akawa hana sababu ya kuinuka tokea alfajiri mpaka isha. Twadhani tumemhurumia, kumbe tumemwongezea maradhi ya pili juu ya yale ya kwanza.

Wala haya si maneno ya kukisia. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wazee 12 walio wazima wa afya, waliokubali kulazwa kitandani siku 10 tu. Kwa siku hizo 10 miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya misuli. Hao ni wazima, na ni siku 10. Je, mgonjwa wa figo aliyelazwa miezi 10 kwa heshima, itakuwaje hali yake siku atakayoitwa kwenda kupasuliwa?

Jambo la pili tunaloliongeza ni katika chakula. Mtu akisikia ya kuwa mgonjwa wa figo apunguze nyama, basi nyumba nzima hulishika neno hilo maisha. Ni kweli kwamba yule ambaye figo zake zimeanza kudhoofika, naye hajafika kwenye mashine, huenda akaambiwa apunguze protini. Lakini akishaanza kusafishwa damu, mambo hugeuka. Wengi wao huhitaji protini zaidi kuliko walivyokuwa wakila kabla, kwa kuwa mashine huondoa na kilicho kizuri pamoja na kibaya. Utamkuta mtu yuko mwaka wa pili wa mashine, bado ananyimwa yai na kipande cha samaki kwa neno aliloambiwa kabla ya hapo. Na mgonjwa wa ini, ambaye zamani hata madaktari walikuwa wakimkataza nyama, siku hizi huambiwa asiachwe na njaa muda mrefu, ale mara nyingi kidogo kidogo, na apate chakula chepesi kabla ya kulala. Basi lililo wajibu ni kumwuliza daktari au mtaalamu wa lishe wa hospitali upya, kila hali inapobadilika. Tusimpe mgonjwa vyakula kwa kukisia, kwani iko chumvi ya potasiamu katika ndizi, maji ya dafu na matunda mengi, ambayo mwenye figo iliyokufa ikimzidi yaweza kuusimamisha moyo wake.

Sasa tufanye nini? Twawaeleza wasomaji wetu mambo ambayo nyumba yoyote yaweza kuyafanya, tajiri na masikini, kwa sharti moja: kwanza daktari wa mgonjwa aulizwe, naye aseme kiasi gani kinamfaa.

La kwanza ni kuangalia na kuandika. Chukueni daftari. Kila wiki andikeni uzito wake kwa mizani ile ile. Kwa anayesafishwa damu, uandikwe ule wa baada ya mashine, kwa kuwa kabla ya hapo maji huficha kukonda. Andikeni anatembea mpaka wapi: mpaka msikitini, mpaka kona ya mtaa, au mpaka mlangoni tu. Na iko alama moja ambayo nyumba za Waislamu zinaweza kuiona kabla ya hospitali: sala. Mtu aliyekuwa akisimama, akirukuu, akisujudu na kuinuka mwenyewe, akianza kushika ukuta ili ainuke, kisha akaomba kiti, huo ni ujumbe kutoka kwa misuli ya mapaja yake. Kusali kwa kukaa ni rukhsa aliyopewa asiyeweza, na hapana lawama juu yake. Lakini daktari na aambiwe ni mwezi gani jambo hilo lilianza, maana limemweleza mengi.

La pili ni kuomba apimwe. Mtakapofika hospitali, ulizeni: "Daktari, nguvu za mwili wake zikoje? Je, anaweza kupimwa mwendo na kiganja?" Si utovu wa adabu kuuliza. Daktari mwenye wagonjwa 40 nje ya mlango wake atashukuru kukumbushwa, na daftari lenu litamsaidia.

La tatu ni kumtembeza. Asiyeweza kufika mbali aanze kwa dakika tano ukumbini, jioni jua likipoa, na kesho azidishe kidogo. Akae kitini na kuinuka mara chache bila ya kujishika, mtu akiwa karibu naye. Aachiwe kazi ndogo zake: kukunja nguo, kuchambua mchele, kumwagia maji mimea. Kumwachia kazi hizo si kumtesa, ni kumlindia utu wake pamoja na misuli yake. Na kama ana mkono uliotengenezewa mshipa wa mashine, basi mkono huo ushughulikiwe kama hospitali ilivyoagiza. Akipata maumivu ya kifua, akitweta kupita kiasi, akiona kizunguzungu, au miguu ikivimba ghafula, asimame hapo hapo na daktari apewe khabari.

Je, yako matumaini kwamba mazoezi kabla ya kupasuliwa yatafaa? Madaktari wa Baltimore walianza kujaribu jambo hili kwa kundi dogo la wanaongojea figo, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2019. Watu wale waliongeza mwendo na shughuli zao, na wachache waliokwisha kupandikizwa walikaa hospitali siku chache zaidi kuliko wenzao. Kundi lilikuwa dogo, na hatuwezi kulijengea nyumba nzima juu yake. Lakini linatuonyesha upande wa kuelekea.

Hapa yatupasa kujibu maneno mawili ambayo pengine yamekwisha kumjia msomaji.

La kwanza: "Kama ndivyo hivyo, si afadhali aliye dhaifu aachwe, wapewe wenye nguvu?" Twasema, hapana. Kipimo cha udhaifu ni taa ya kumwonyesha mtu njia, wala hakikuletwa ili kiwe kufuli ya mlango. Mwaka 2014 uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba hata wale wenye nguvu kidogo kabisa za mwili, wakipandikizwa figo, waliishi zaidi kuliko wenzao walioendelea kungoja. Na jambo la kufurahisha zaidi lilionekana huko Baltimore mwaka 2015. Katika kila watu 100 waliopandikizwa figo, kiasi cha 20 walikuwa dhaifu siku ya kupasuliwa. Mwezi mmoja baadaye dhaifu walikuwa 33. Mwezi wa pili walishuka wakawa 28. Na mwezi wa tatu walikuwa 17, yaani wachache kuliko mwanzo. Maana yake ni kwamba udhaifu huu si hukumu ya milele. Figo mpya yenyewe huwainua baadhi ya watu, wakivushwa salama ule mwezi wa kwanza ulio mgumu. Tena imeonekana kwamba wagonjwa dhaifu huandikwa kwenye foleni mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo jamaa wasikubali neno la "amechoka sana huyu" likisemwa kwa kukisia. Waombe kipimo, na waombe njia ya kumtengeneza.

Neno la pili: "Je, hamumtwiki mgonjwa lawama, kana kwamba udhaifu wake ni uvivu?" Hasha. Udhaifu huu umetoka kwa maradhi, na wako watakaofanya kila tuliyoyasema na wasipate nguvu, kwa kuwa moyo wao au mapafu yao hayakubali. Kwa hao hatuna ila huruma na dua. Kinachotakiwa kwetu ni kushika sababu. Matokeo yako kwa Mwenyezi Mungu. Yule anayemwambia mgonjwa, "Ungelijitahidi ungelipona," amekosa adabu, wala hakuifahamu makala hii.

Vijana nao tunalo neno lao. Katika nchi zetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai, na mara nyingi ndugu huyo ni kijana: mtoto anampa baba yake, au dada anampa kaka yake. Mwaka 1988 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, walipokutana Jeddah, waliruhusu kutoa kiungo namna hii kwa masharti: atoaye awe ametoa kwa khiari yake, asidhurike maisha yake, na kiungo kisiuzwe kama bidhaa. Basi kijana akitoa sehemu ya mwili wake bila ya malipo, ameweka amana kubwa mno. Je, ni haki kuiweka amana hiyo katika mwili tuliouacha ukonde kitandani mwaka mzima ilhali tuliweza kuutengeneza? Jamaa huchanga fedha nyingi kwa ajili ya tiketi, hospitali na dawa, na hayo hayana budi. Lakini matembezi ya jioni hayataki mchango, wala yai moja la asubuhi lililoruhusiwa na daktari halivunji nyumba.

Na baada ya kupasuliwa, tukumbuke ile hesabu ya mwezi wa kwanza. Wageni hujaa wiki ya kwanza, kisha wiki ya tatu, mgonjwa anapokuwa mnyonge kuliko alivyokuwa kabla ya kupasuliwa, nyumba huwa tupu. Tugeuze desturi. Wiki ya kwanza tupeleke salamu na dua kwa mbali, khasa mwenye mafua na kikohozi asimkaribie, kwa kuwa dawa zimempunguzia kinga. Na wiki ya tatu ndiyo twende, mmoja mmoja, tukamshike mkono atembee. Dawa za kuizuia kinga isiikatae figo hazina siku ya kuachwa ila kwa amri ya daktari. Wengi hupewa na dawa za jamii ya steroidi, ambazo zenyewe hulegeza misuli. Hii ni sababu nyingine ya kuendelea kumtembeza baada ya kovu kupona.

Nyumba yenye mgonjwa anayengojea figo au ini isidhani ya kuwa wakati wa kungoja ni wakati mtupu. Ni wakati wa kazi. Atakapoitwa, daktari atauleta ujuzi wake, na ndugu ataleta kiungo chake. Nasi jamaa tulete nini? Tulete mwili uliotunzwa kadiri tulivyoweza. Basi leo jioni, jua likipoa, aliye na mgonjwa nyumbani na amwambie kwa upole, "Baba, daktari amesema inafaa; nishike mkono twende mpaka kwenye ule mwembe, kisha turudi."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaotoa kwa ikhlasi, na atupe sisi wauguzaji subira na busara. Amin.